Shajara ya mradi: kupima kasi ya bei kwenye hisa za kampuni ndogo

Mradi wenyewe

Ninachotaka ni shiti moja tu, nikiweka hisa ya kampuni ndogo inaniambia bei yake imekuwa ikienda wapi, kwa nguvu gani, na kama hiyo nguvu ni ya kweli au ni makelele ya soko lisilo na wanunuzi. Mambo ya mapato, madeni na fedha taslimu yana shiti yake tayari, humu ni bei, nitayagusa pale tu inapobidi.

Wazo la kasi ya bei, au momentamu kama wengi tunavyoita, ni kwamba hisa zilizopanda kuliko zingine kwa miezi kadhaa iliyopita huwa zinaendelea kuzizidi zingine kwa miezi kadhaa inayokuja, na zilizoshuka huwa zinaendelea kudorora. Watafiti Jegadeesh na Titman walilionyesha hili vizuri mwaka 1993, walichukua hisa za Marekani za kuanzia 1965 hadi 1989, wakazipanga kwa faida ya miezi 6 iliyopita, wakanunua kundi la juu kabisa na kuuza kundi la chini kabisa (kwa hisa za kukopa), wakashikilia miezi 6, ziada ikaja karibu 1% kwa mwezi. Mwaka 1997 Carhart akaiongeza kama kipengele cha nne juu ya vile vitatu vya Fama na French vya kueleza faida ya hisa (soko zima, ukubwa wa kampuni, na bei ikilinganishwa na thamani ya vitabuni), na toka hapo hata anayepima meneja wa mfuko anaangalia kama huyo mtu ana kipaji au alikuwa tu kashika hisa zilizokuwa zinapanda.

Ila kampuni ndogo ni dunia yake. Hisa ya kampuni kubwa inauzwa kila dakika kwahiyo bei unayoiona jioni ni bei kweli, ya kampuni ndogo inaweza kukaa siku nne haijauzwa hata moja afu siku ya tano mtu mmoja akanunua kidogo kwa bei ya juu na chati nzima ikaonekana imeamka. Fomula za momentamu hazijui hilo, zinameza namba zinazopewa. Ndo maana kazi kubwa ya mradi huu iko kwenye kuamua ni bei gani inaruhusiwa kuingia kwenye fomula.

Kusafisha data

Hapa ndo muda mwingi unaisha na sioni shida, maana bila hapa hakuna kitu.

Cha kwanza ni kugawanywa na kuunganishwa kwa hisa. Hisa ya 90 ikigawanywa moja kuwa tatu kesho yake inafungua 30, na kama bei haijarekebishwa shiti inakuonyesha imeporomoka 67% wakati mwenye hisa hajapoteza hata senti. Kwa kampuni ndogo balaa kubwa ni la upande wa pili, kuunganisha hisa. Kampuni bei yake imeshuka mpaka 0.80, inakaribia kuvunja kanuni ya soko ya bei ya chini, inaunganisha hisa kumi kuwa moja, bei inakuwa 8. Ambaye hajarekebisha anaona imepanda 900% na hisa inaruka mpaka juu ya orodha ya washindi, kumbe ni kampuni iliyokuwa inazama. Nimeweka kolamu ya tahadhari, faida yoyote ya siku moja inayozidi 60% juu au chini inawekwa rangi nyekundu na haipiti mpaka nifungue tangazo la kampuni la tarehe hiyo nisome kwa macho yangu.

Gawio nalo linaingia. Kampuni inayotoa gawio kubwa bei inashuka siku ya kukatwa gawio, kwahiyo nachukua faida kamili, bei pamoja na gawio, vinginevyo unaiadhibu kampuni kwa kuwalipa wenye hisa wake.

Faida zote za siku nazibadilisha kuwa logariti asilia kabla ya kujumlisha. Hisa ikitoka 100 ikaenda 150 kisha ikarudi 75, ukichukua wastani wa asilimia unapata +50 na -50, jumla sifuri, yaani kama hamna kilichotokea, wakati robo ya hela imekwenda. Kwa logariti ni +0.405 na -0.693, jumla -0.288, ukiigeuza inakurudisha pale pale kwenye 75. Kwa kampuni kubwa tofauti hii ni ndogo mtu anaweza kuipuuza, kwa hisa inayoruka 20% kwa wiki hapana.

Fomula ya msingi: miezi 12 kutoa 1

Nimekaa na ile ya kawaida, faida kuanzia miezi 12 iliyopita mpaka mwezi 1 uliopita, mwezi wa mwisho unaachwa nje. Mfano wa kwenye shiti: miezi 12 nyuma bei ilikuwa 40, mwezi mmoja nyuma 62, leo 75. Momentamu yake ni 62 kugawa kwa 40 kutoa 1, yaani 55%. Ukiingiza mpaka leo inakuwa 87.5% na inapendeza zaidi machoni, ila hiyo 21% ya mwezi wa mwisho ndo sehemu isiyoaminika.

Sababu ya kuacha mwezi wa mwisho ni kwamba kwa muda mfupi bei zina tabia ya kurudi nyuma. Jegadeesh alilionyesha mwaka 1990 kwa mwezi mmoja na Lehmann mwaka huo huo kwa wiki. Sehemu ya huko kurudi ni watu kununua kwa pupa na soko kutulia baadae, sehemu nyingine ni pengo kati ya bei ya mnunuzi na ya muuzaji, na kwenye kampuni ndogo hili pengo ni kubwa mno. Chukua hisa ambayo mnunuzi anatoa 19 na muuzaji anataka 21. Jana muamala wa mwisho ulifanyika upande wa muuzaji, bei ya kufunga 21. Leo muamala wa mwisho umefanyika upande wa mnunuzi, bei ya kufunga 19. Shiti inasema imeshuka 9.5%. Hakuna habari, hakuna aliyebadili mawazo kuhusu kampuni, thamani ya katikati ni 20 jana na 20 leo. Kesho ikifungwa tena kwa 21 utaambiwa imepanda 10.5%. Ukiweka hizo namba kwenye momentamu ya wiki mbili unapima mdundo wa mpira kwenye kuta mbili na sio mwendo wa kampuni.

Kwahiyo popote ninapopata bei za pande zote mbili natumia ya katikati badala ya muamala wa mwisho. Nisipozipata, kwenye ncha za kipimo (ile bei ya miezi 12 nyuma na ya mwezi 1 nyuma) natumia wastani wa bei za kufunga za siku tano zilizokuwa na miamala, ili bei moja ya ajabu ya siku moja isiamue kila kitu.

Upande wa muda mrefu nako kuna ukomo. De Bondt na Thaler mwaka 1985 walionyesha kwamba kwa miaka mitatu mpaka mitano walioshindwa sana ndo wanaorudi juu, kwahiyo kupima momentamu ya miaka mitatu ni kupima kitu kingine kabisa.

RSI nimeiacha

Wengi wakisikia momentamu wanafikiria RSI, kipimo cha 0 hadi 100 kinacholinganisha wastani wa kupanda na wa kushuka kwa bei, ile ya Wilder ya mwaka 1978, siku 14, juu ya 70 imenunuliwa kupita kiasi, chini ya 30 imeuzwa kupita kiasi. Kwa hisa inayouzwa kila siku sina ugomvi nayo, ila jaribu kuiweka kwenye hisa ambayo ndani ya siku 14 imeuzwa mara mbili tu na mara zote mbili imepanda kidogo. Hakuna siku ya kushuka hata moja, wastani wa hasara ni sifuri, na kwa fomula ya wastani wa kawaida RSI inagonga 100. Namba ya juu kuliko zote kutokana na miamala miwili. Mtu anayefuata hicho kipimo ataikimbia hisa kwa kuambiwa imenunuliwa kupita kiasi wakati karibu hakuna aliyeinunua.

Kulinganisha na nani

Hisa kupanda 55% peke yake haisemi kitu, inategemea wenzake walikuwa wanafanya nini. Hapa nina msimamo mkali: kampuni ndogo ilinganishwe na kampuni ndogo. Ukiilinganisha na fahirisi (namba inayopima kundi la hisa kwa pamoja) ya makampuni makubwa, kipindi ambacho kampuni ndogo zote zinapanda utaona kila uliyemshika ni shujaa. Marekani wana Russell 2000 kwa kazi hiyo, ile ya kampuni 2000 za chini ndani ya Russell 3000, pasipo na fahirisi ya namna hiyo mtu anatengeneza ya kwake kwa kuchukua hisa zote ndogo za soko lake na kutafuta mediani ya faida zao, ile namba ya katikati ukizipanga.

Na usitoe, gawanya. Hisa imepanda 55%, fahirisi ya wadogo imepanda 38%. Ukitoa unapata 17, ukigawanya 1.55 kwa 1.38 unapata 1.123, yaani aliyeshika hisa hii badala ya fahirisi yuko mbele kwa 12.3%. Hiyo ndo hela halisi. Kadiri namba zinavyokuwa kubwa ndo pengo kati ya njia hizi mbili linapanuka, na kampuni ndogo ndo zenye namba kubwa.

Baada ya hapo napanga hisa zote kwa nafasi kuanzia 1 hadi 99 na kila kampuni inapewa nafasi yake, naangalia pia nafasi ndani ya sekta yake, maana mara nyingi kampuni moja ndogo ya madini inapanda kwa sababu bei ya hayo madini imepanda na za sekta yake zote zimepanda nayo, hapo unakuwa unapima bei ya madini.

Mwendo ulivyokuwa: sehemu ninayoipenda kuliko zote

Hisa mbili zote zimetoka 100 zikafika 150 ndani ya kipimo cha 12 kutoa 1, ambacho kwa soko la siku 252 za biashara kwa mwaka ni kama siku 231. Fomula inazipa alama sawa. Ila ukifungua siku moja moja unakuta B ilipanda siku 125, ikashuka siku 90, siku 16 haikusogea. A ilipanda siku 60, ikashuka 65, na siku 106 haikusogea kabisa, ongezeko karibu lote lilikuja kwa siku moja.

Da, Gurun na Warachka mwaka 2014 walitoa kipimo cha hili na ni chepesi hata kwa Excel: unachukua asilimia ya siku za kushuka, unatoa asilimia ya siku za kupanda, kisha unazidisha kwa alama ya faida nzima (+1 kama imepanda, -1 kama imeshuka). B inapata 39.0% kutoa 54.1%, yaani -0.15. A inapata 28.1% kutoa 26.0%, yaani +0.02. Namba ikiwa chini ndo mwendo ulikuwa wa taratibu na wa kuendelea. Hoja yao ni kwamba habari zinazokuja kidogo kidogo watu hawazipi uzito, bei inachelewa kuzibeba na ndo maana inaendelea kusogea, lakini habari kubwa ya siku moja kila mtu anaiona na bei inaimaliza pale pale. Walichokikuta ni kwamba momentamu inadumu zaidi kwenye hisa za aina ya B.

Kwangu hii ndo kolamu inayobadilisha maamuzi kuliko zingine, kwa sababu kwenye kampuni ndogo aina A ni nyingi sana: tangazo la kununuliwa na kampuni kubwa, mkataba mmoja, au mbaya zaidi kundi la watu wamejipanga kuisukuma bei wauze kwa wanaochelewa. Namba ya 12 kutoa 1 inawaweka wote kwenye kapu moja na washindi wa kweli.

Pembeni yake naweka mstari wa rigresheni (mstari ulionyooka unaopita karibu zaidi na bei zote) wa logariti ya bei kwa siku, nachukua mwinamo wake kwa mwaka na kuuzidisha na R², namba ya 0 hadi 1 inayoonyesha bei zimeufuata mstari kiasi gani. Ukiwa na mwinamo mkali ila bei zimetawanyika huku na huku R² inaupunguza. Unakubaliana na kile kipimo cha juu mara nyingi, na pale visipokubaliana ndo naichora chati na kuitazama taratibu.

Ya George na Hwang ya 2004 pia nimeiingiza, bei ya leo kugawa kwa bei ya juu kabisa ya wiki 52. Hisa iliyo karibu na kilele chake huwa inaendelea, wao wanasema kilele kinawafanya watu wasite kununua hata habari zikiwa nzuri. Kwa wadogo sharti langu ni kwamba kilele kiwe bei ya kufunga ya siku yenye miamala ya kutosha, sio ile bei ya juu ya siku iliyotokana na mtu mmoja aliyekosea kuandika oda.

Siku zisizo na miamala

Kanuni niliyoifunga: ndani ya siku 231, kama siku ambazo bei haikusogea zinazidi theluthi moja, kolamu ya momentamu inaandika "haipimiki" na namba haitoki. A ya pale juu ina siku 106 kati ya 231, yaani 46%, kwahiyo inaondolewa. Inauma kidogo maana orodha inapungua sana, ila hisa ambayo nusu ya mwaka bei yake ni ya juzi haina kasi ya kupimwa. Beta yake (inasogea kiasi gani soko likisogea) nayo inapotoka kwa sababu hiyo hiyo, fahirisi inasogea leo na hisa inaitikia keshokutwa, Dimson mwaka 1979 alipendekeza kujumlisha na beta za siku za nyuma na za mbele na ndo nilivyofanya kwenye shiti ya hatari.

Je unaweza kuinunua?

Hong, Lim na Stein mwaka 2000 walikuta kwamba ukiziacha zile kampuni ndogo kabisa za mkiani, momentamu inapungua kwa kasi kadiri kampuni inavyokuwa kubwa, na inakuwa na nguvu pale ambapo wachambuzi wanaoifuatilia ni wachache, hasa habari mbaya zinasafiri polepole. Kwa hiyo mtu wa kampuni ndogo anasoma hapo anafurahi. Alafu Lesmond, Schill na Zhou mwaka 2004 wakaja na gharama za biashara, wakaonyesha kwamba hisa zinazoleta hiyo faida ya karatasi ndo hizo hizo zenye gharama kubwa ya kuingia na kutoka, na faida inaliwa.

Rudi kwenye hisa ya 19 na 21. Umenunua kwa 21, umebadili mawazo, umeuza kwa 19, umepoteza 9.5% kabla ya kamisheni ya broka. Ziada ya 1% kwa mwezi kwa miezi 6 haifiki hapo. Tena ile 1% ilitokana na kununua washindi na kuuza walioshindwa kwa pamoja, na kuuza hisa ya kukopa ya kampuni ndogo mara nyingi haiwezekani kabisa kwa sababu hakuna wa kukukopesha, kwahiyo mtu wa kawaida anabaki na upande mmoja tu wa hesabu.

Kwahiyo nimeongeza kolamu mbili. Ya kwanza ni pengo la bei kama asilimia ya bei ya katikati. Ya pili ni siku za kuingia: mediani ya thamani ya miamala kwa siku (mediani, maana siku moja ya muamala mkubwa inaharibu wastani), nachukua 10% yake, nagawa kiasi ninachotaka kuwekeza. Mtu anataka kuweka 10,000, mediani ya siku ni 4,000, hataki kuwa zaidi ya sehemu ya kumi ya soko, anabaki na 400 kwa siku, siku 25 za biashara. Mwezi una siku kama 21. Yaani kabla hajamaliza kununua, kipimo kimeshahesabiwa upya na inawezekana hisa imeshashuka kwenye orodha. Hapo hiyo hisa kama ni nzuri inunuliwe kwa sababu za biashara yake, momentamu isiwe sababu.

Lini kipimo kizimwe

Daniel na Moskowitz mwaka 2016 walieleza vipindi ambavyo momentamu inageuka vibaya sana. Machi mpaka Mei 2009 kundi la walioshindwa lilipanda 163% na kundi la washindi 8% tu. Inatokea soko likiwa limeanguka sana kisha likainuka ghafla, wale waliopigwa zaidi wanaruka kuliko wote, na kampuni ndogo zenye madeni ndo nyingi humo. Taa niliyoweka inafuata wazo lao: faida ya soko kwa miaka miwili iliyopita ikiwa hasi, kolamu yote ya momentamu inageuka kijivu na haihesabiwi kwenye alama ya jumla ya kampuni.

Kilichopo sasa kwenye meza

Naendelea na majaribio ya nyuma, yaani kupitisha kipimo kwenye bei za miaka iliyopita, na hapa kazi iliyobaki ni orodha ya kampuni zilizoondolewa sokoni. Ukijaribu kwa kampuni zilizopo leo tu umeshawatoa waliokufa, na kampuni ndogo ndo zinazokufa. Shumway mwaka 1997 alionyesha kwamba hisa za masoko ya Marekani ya NYSE na AMEX zilizoondolewa kwa sababu ya hali mbaya zilipata wastani wa hasara ya karibu 30% kwenye tukio lenyewe, na hifadhi za data zilikuwa mara nyingi hazina hiyo namba. Kwahiyo kila kampuni iliyoondolewa inaingia na bei yake ya mwisho, na pale bei ya baada ya kuondolewa isipopatikana naweka hasara ya 30%, afu narudia na 55%, ambayo Shumway na Warther waliikuta kwa soko la Nasdaq mwaka 1999, nione matokeo yanayumba kiasi gani kati ya hizo mbili.

Kolamu ya matangazo ya mapato itafuata, ili hisa iliyopanda baada ya mapato mazuri itenganishwe na iliyopanda bila habari yoyote. Zile za bila habari, zenye siku moja ya kuruka na pengo kubwa la bei, zitaenda kwenye karatasi yake, na kwa kila moja nitaandika tarehe ya kuruka, thamani ya miamala ya siku ile, na bei yake miezi mitatu baadae.